Vita ya magari ya familia: Safari ndefu ya Noah, Wish na Alphard hadi ukingoni mwa Ghuba ya Chole

Na Mwandishi Wetu

BARABARA ya lami yenye urefu wa kilomita 14 hivi kutoka Kilindoni, makao makuu ya Wilaya ya Mafia mkoani Pwani, huishia Utende, kijiji kilicho ukingoni mwa Ghuba ya Chole. Hapo ndipo gari hukoma. Anayekwenda Kisiwa cha Chole, Juani au Jibondo hana budi kushuka, kupandisha mizigo kwenye mashua na kungoja maji.

Ghuba hiyo imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 na kuwa ya kwanza ya aina yake nchini. Chole, ambayo Wajerumani waliifanya kituo cha utawala kabla ya kuhamia Kilindoni mwaka 1913, haina barabara ya magari. Wakazi wake hutembea kwa miguu au kwa baiskeli.

Hata hivyo, magari yanayofika Utende yana historia inayoanzia mbali. Yalibuniwa katika ushindani mkali wa kampuni za Japani, Marekani na Ulaya, zilizogombea mteja mmoja, yaani baba na mama wenye watoto, mizigo na fedha za kuhesabu. Uamuzi uliopitishwa katika vikao vya kampuni hizo miaka 15 au 20 iliyopita ndio unaoamua leo ni gari gani familia ya Dar es Salaam, Tanga au Kilindoni itaweza kulinunua.

Makala haya yanaeleza ushindani huo ulivyoanza, ulivyofika Tanzania, na kwa nini mabadiliko yanayoendelea sasa viwandani yanapaswa kumhusu mnunuzi wa hapa nchini.

Kabla ya vibasi

Kwa miaka mingi gari la familia kubwa katika Afrika Mashariki lilikuwa gari refu la mgongo wa nyuma, maarufu kama 'station wagon'. Lililotia fora ni Peugeot 504, iliyozinduliwa Ufaransa mwaka 1968, ambayo toleo lake la familia lilikuwa na safu tatu za viti. Land Rover ilibaki kuwa gari la serikali, misheni na mashamba.

Nchini Tanzania, uhaba wa fedha za kigeni katika miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980 uliyafanya magari kuwa bidhaa adimu. Mlango ulianza kufunguka mwaka 1984, Serikali iliporuhusu wenye fedha zao nje kuingiza bidhaa bila kuulizwa walivyozipata. Miaka miwili baadaye nchi iliingia katika mpango wa kufufua uchumi uliolegeza zaidi masharti ya biashara.

Ni katika kipindi hicho hicho ambapo viwanda vya nje vilikuwa vinabuni gari la aina mpya.

Chrysler na Renault zaanzisha

Mwaka 1979 Kampuni ya Chrysler ya Marekani ilikuwa ukingoni mwa kufilisika, ikaokolewa na dhamana ya mkopo ya Serikali ya nchi hiyo yenye thamani ya dola bilioni 1.5. Chini ya uongozi wa Lee Iacocca, na kwa mawazo ya mhandisi Hal Sperlich, kampuni hiyo iliweka karata yake kwenye gari lenye umbo la basi dogo lakini linaloendeshwa kama gari la kawaida.

Magari hayo, Dodge Caravan na Plymouth Voyager, yalianza kutengenezwa Novemba 1983. Siri yake ilikuwa injini kukaa mbele na kuvuta tairi za mbele, hivyo sakafu kuwa chini na tambarare. Mama aliweza kupanda bila kurusha mguu, na gari liliingia katika banda la nyumbani.

Barani Ulaya, Renault ilizindua Espace mwaka 1984 kwa ushirikiano na Kampuni ya Matra. Inaelezwa kuwa mwezi wa kwanza yaliuzwa magari tisa tu, kabla ya wanunuzi kuelewa manufaa yake na gari hilo kupata soko kubwa.

Somo lilikuwa dhahiri kwa kila kampuni. Familia haikuhitaji gari la kifahari wala lori, bali nafasi.

Japani yaingia uwanjani

Kampuni za Japani tayari zilikuwa na vibasi vidogo, lakini vingi vilitokana na magari ya mizigo. Injini ilikaa chini ya viti vya mbele, tairi za nyuma zilisukuma, na dereva aliketi juu ya joto la injini.

Oktoba 1994, Honda ilibadili mambo kwa kuleta Odyssey. Kampuni hiyo, iliyokuwa na hali ngumu kibiashara, haikuwa na kiwanda cha kutengenezea gari refu kwenda juu. Ikalazimika kuitengeneza Odyssey katika mitambo ya gari dogo la Accord, kwa kimo kinachoruhusiwa na mitambo hiyo. Udhaifu ukageuka nguvu: gari likawa la chini, tulivu barabarani, lenye milango ya kawaida, na likauzwa kwa wingi.

Mwaka 1996 Honda iliongeza StepWGN, lenye umbo la sanduku na tairi za mbele za kuvuta. Mwaka huo huo Toyota ilileta LiteAce Noah na TownAce Noah, zilizobaki na mfumo wa zamani wa injini chini ya viti na tairi za nyuma kusukuma.

Noah hizo za awali, ambazo mafundi wa Tanzania huzitambua kwa namba za chesisi za SR40 na SR50, zilikuwa na mlango mmoja wa kuteleza upande wa kushoto. Kwa kuwa Japani, kama Tanzania, magari hupita kushoto, mlango huo hufungukia ukingo wa barabara. Abiria hushuka pembeni badala ya katikati ya njia.

Novemba 2001 Toyota ilijibu mapigo kwa Noah mpya, pamoja na pacha wake Voxy. Injini ilihamia mbele, tairi za mbele zikavuta, sakafu ikashuka na mlango wa kuteleza ukawekwa pande zote mbili. Hilo ndilo toleo linalojulikana mitaani kwa namba ya AZR60.

Kwa nini majina mawili?

Wanunuzi wengi nchini wamekuwa wakijiuliza tofauti ya Noah na Voxy, au ya Alphard na Vellfire. Jibu lipo katika mtandao wa mauzo wa Toyota nchini Japani.

Kwa miongo mingi kampuni hiyo iliuza magari kupitia makundi kadhaa ya maduka, kila moja likiwa na magari yake. Noah iliuzwa na kundi moja na Voxy na kundi jingine, ingawa chini ya bodi zilikuwa gari moja. Mwaka 2014 likaongezwa pacha wa tatu, Esquire, kwa ajili ya makundi yaliyobaki.

Mei 2020 Toyota iliruhusu maduka yote kuuza magari yote. Sababu ya kuwa na mapacha ikapungua, na Esquire ikasitishwa mwaka uliofuata. Kwa mnunuzi wa Tanzania, hii ina maana kwamba vipuri vingi vya ndani vya mapacha hao huingiliana, wakati taa, bampa na urembo wa nje hutofautiana.

Wish dhidi ya Stream

Mfano ulio wazi zaidi wa ushindani wa kampuni hizo ni wa magari ya chini yenye viti saba.

Mwaka 2000 Honda ilizindua Stream, gari lenye urefu wa gari la kawaida lakini likiwa na safu tatu za viti. Liliuzwa vizuri. Januari 2003 Toyota ilileta Wish, na waliochukua futi kupima walipigwa na butwaa: urefu milimita 4,550, upana milimita 1,695 na kimo milimita 1,590. Vipimo hivyo vilikuwa sawa na vya Stream.

Toyota ilikuwa na maduka mengi zaidi, na Wish ikaipita Stream kwa mauzo. Honda ilijibu mwaka 2006 kwa Stream mpya iliyokuwa fupi zaidi kwa kimo, ili iweze kuingia katika maegesho ya ghorofa ya mijini Japani. Haikutosha. Stream iliondolewa sokoni mwaka 2014, na Wish yenyewe ikafuata mwaka 2017.

Matokeo yake yanaonekana hadi leo Tanzania, ambako Wish ni gari la kawaida mitaani na Stream ni la kutafutwa. Wingi wa gari moja huvuta vipuri, vipuri huvuta mafundi, na mafundi huvuta wanunuzi wapya. Aliyeshinda Tokyo mwaka 2003 ndiye aliyeshinda Kariakoo miaka kumi baadaye.

Alphard yaipindua Elgrand

Katika magari makubwa mambo yalianza kinyume. Nissan ndiyo iliyotamba baada ya kuzindua Elgrand mwaka 1997. Toyota ilishindana nayo kwa Granvia na baadaye Grand Hiace, bila mafanikio makubwa.

Mei 2002, kampuni zote mbili zilizindua magari mapya katika wiki moja. Elgrand mpya ilikuja na injini kubwa ya lita 3.5 na tairi za nyuma kusukuma. Toyota ilileta Alphard yenye tairi za mbele za kuvuta, ikiwa na injini ya lita 3.0 lakini pia ya lita 2.4 yenye silinda nne, ambayo ilikuwa nafuu kwa bei na kwa mafuta.

Injini hiyo ndogo ndiyo iliyoamua mchezo. Nissan ililazimika kuongeza Elgrand ya lita 2.5 mwishoni mwa mwaka 2004, lakini wakati huo wateja walikwishahama. Mwaka 2008 Alphard ya kizazi cha pili ilikuja na pacha wake Vellfire, na ushindi wa Toyota ukawa umekamilika.

Magari haya yalivyofika Tanzania

Mambo matatu yaliyatoa magari haya Japani na kuyaleta Bandari ya Dar es Salaam.

La kwanza ni ukaguzi wa lazima wa nchini humo, unaoitwa 'shaken'. Gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Gharama za ukaguzi, kodi na matengenezo huwafanya wamiliki wengi kuliuza gari lingali zima.

La pili ni usukani. Japani ni miongoni mwa nchi chache zenye viwanda vikubwa ambazo usukani huwa upande wa kulia, sawa na Tanzania, Kenya na Uganda.

La tatu ni vipimo. Sheria za Japani huliweka katika kundi la unafuu gari lisilozidi urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7, kimo cha mita 2 na injini ya sentimita za ujazo 2,000. Noah, Wish, Spacio, Raum, Ist na nyinginezo nyingi zilibuniwa zitoshee humo. Bila kukusudia, viwanda vikawa vimetengeneza magari yanayopenya katika vichochoro vya Sinza na Magomeni, tena yenye injini zinazotozwa ushuru mdogo Tanzania.

Kukua kwa intaneti katika miaka ya 2000 kulikamilisha kazi. Kampuni za Japani zinazouza magari yaliyotumika mtandaoni, mathalani BE FORWARD iliyoanzishwa mwaka 2004, ziliwawezesha wanunuzi kuchagua gari kwa picha na kulipa benki bila kumtegemea mfanyabiashara wa yadi.

Hesabu za kodi

Tofauti na Kenya, ambayo huzuia magari yaliyozidi miaka minane, na Uganda, ambayo mwaka 2018 iliweka ukomo wa miaka 15, Tanzania Bara haikatazi gari kuukuu. Badala yake hulitoza zaidi.

Kwa viwango ambavyo vimetumika kwa miaka kadhaa, gari la abiria hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 unaotumika katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Huongezwa ushuru wa bidhaa kulingana na injini: asilimia 5 kwa injini inayozidi sentimita za ujazo 1,000 hadi 2,000, na asilimia 10 kwa inayozidi hapo. Gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane hadi 10 huongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 asilimia 30. Mwisho huja Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ya asilimia 18, inayotozwa juu ya jumla ya yote hayo.

Chukulia gari la injini ya lita 1.8 ambalo thamani yake pamoja na bima na usafiri hadi bandarini ni shilingi milioni 10.

Likiwa halijafikisha miaka minane, ushuru wa forodha ni shilingi milioni 2.5, ushuru wa bidhaa shilingi 625,000 na VAT shilingi 2,362,500. Jumla ni shilingi 5,487,500.

Likiwa na miaka tisa, uchakavu huongeza shilingi 1,875,000 na VAT hupanda hadi shilingi milioni 2.7. Jumla hufikia shilingi milioni 7.7.

Likiwa limezidi miaka 10, uchakavu pekee ni shilingi milioni 3.75 na VAT shilingi 3,037,500. Jumla ni shilingi 9,912,500, yaani karibu sawa na thamani ya gari lenyewe. Hapo bado tozo ndogo ndogo, gharama za bandari na ada ya usajili.

Kwa kuwa gari kuukuu huwa na thamani ndogo, wengi bado hulichagua. Hata hivyo, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina orodha yake ya thamani za magari, hivyo bei iliyoandikwa kwenye risiti ya muuzaji si lazima iwe ndiyo itakayotumika. Kikokotoo cha mamlaka hiyo kipo mtandaoni, na busara ni kukitumia kabla ya kutuma fedha, kwani viwango huweza kubadilika kila bajeti.

Nafuu moja ilipatikana mwaka 2017, Serikali ilipofuta ada ya leseni ya magari ya kila mwaka na kuihamishia kwenye mafuta kwa shilingi 40 kwa lita. Tangu hapo anayetembea zaidi ndiye anayelipa zaidi. Mwaka 2022, bei ya petroli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita, ukubwa wa injini ukawa swali la kwanza kwa familia nyingi.

Noah yageuka daladala

Watengenezaji waliikusudia Noah iwe ya watoto na safari za mwisho wa wiki. Nchini Tanzania ikawa chombo cha biashara. Arusha, Kilimanjaro na mikoa mingine iligeuzwa kuwa gari la abiria, hasa katika njia ambazo mabasi hayakupenda kwenda.

Jambo hilo lilizua mvutano wa miaka mingi kati ya wamiliki na mamlaka ya usafiri SUMATRA, ambayo majukumu yake ya nchi kavu yalichukuliwa na LATRA mwaka 2019. Hoja ya mamlaka ilikuwa usalama, kwamba gari la watu wanane halikubuniwa kubeba abiria wengi katika safari ndefu. Hoja ya wamiliki ilikuwa ajira na mahitaji ya wananchi vijijini.

Aidha, mapenzi ya mafundi kwa Noah ya zamani yalitokana na injini yake ya 3S-FE, ambayo ni rahisi kutengeneza. Noah ya mwaka 2001 ilikuja na injini ya D-4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Ina nguvu na hubana mafuta, lakini hutaka mafuta safi, oili sahihi na fundi mwenye vifaa. Toleo la mwaka 2007, ZRR70, liliachana na mfumo huo.

Hatari iliyojificha ndani ya usukani

Kwa wakazi wa mwambao, kuna jambo moja zito zaidi ya bei.

Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na Kampuni ya Takata ya Japani, na kufungwa katika magari ya Honda, Toyota, Nissan na kampuni nyingine nyingi, ilibainika kuwa na kasoro. Kemikali ya kuijaza hewa huharibika inapokaa miaka mingi katika joto na unyevu. Ajali ikitokea, kifaa hicho huweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva na abiria wa mbele. Watu kadhaa wamepoteza maisha katika nchi mbalimbali.

Vifaa takriban milioni 100 viliitwa kurudishwa duniani kote, na Takata ikaomba kufilisiwa Juni 2017. Tangu Mei 2018, Japani ilianza kuyakatalia ukaguzi magari ya kundi la hatari yasiyorekebishwa. Lakini magari mengi yalikwishasafirishwa nje kabla ya hapo, na joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Mafia, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Mmiliki anaweza kuingiza namba ya chesisi katika tovuti ya kampuni iliyotengeneza gari lake nchini Japani, au kumwomba muuzaji afanye hivyo, ili kujua kama lilihusika na kama lilirekebishwa. Ni hatua isiyogharimu fedha, nayo inastahili kufanyika kabla ya kununua redio na rimu mpya.

Chumvi nayo ina sehemu yake. Gari linalovushwa kwa bahari na kuegeshwa karibu na ufukwe huliwa kutu kuanzia chini, mahali pasipoonekana. Kuosha uvungu kwa maji baridi baada ya safari ya kivuko huongeza umri wa bodi na mabomba ya breki.

Viwanda vyageuza usukani

Wakati Watanzania wakiendelea kununua vibasi vya familia, walioviunda wameanza kuviacha.

Nchini Marekani, Ford na General Motors ziliondoka katika soko hilo mwishoni mwa miaka ya 2000. Mazda iliachana na vibasi vyake vya Premacy na Biante mwaka 2018, baada ya kuleta CX-8 yenye safu tatu za viti. Barani Ulaya, Ford ilisitisha Galaxy na S-Max mwaka 2023, na mwaka huo huo Espace ya Renault, iliyokuwa mwanzilishi, ilirudi ikiwa SUV. Toyota nayo iliiaga Ipsum mwaka 2009, Isis mwaka 2017 na Estima mwaka 2019.

Mahali pao pamechukuliwa na SUV, yaani magari yaliyoinuka yenye sura ya gari la porini na starehe ya gari la mjini. RAV4 ya mwaka 1994, CR-V ya mwaka 1995 na X-Trail ya mwaka 2000 ndizo zilizofungua njia. Wanunuzi hupenda mwonekano wake, na kampuni hupenda faida yake. Anayepoteza ni mwenye watoto watano, kwani nyingi kati ya hizo zina viti vitano tu.

Badiliko la pili ni nishati. Toyota ilitoa Estima Hybrid mwaka 2001, kikiwa kibasi cha familia cha kwanza duniani kutumia petroli na umeme kwa pamoja. Noah ya mwaka 2014 na Sienta ya mwaka 2015 zilikuwa na matoleo ya haibridi. Magari hayo sasa yamefikia umri wa kusafirishwa Afrika, na kwa mnunuzi, swali la 'injini ipoje?' linaongezewa jingine: 'betri ina hali gani?' Gereji zisizo na vifaa vya umeme mkubwa zitabaki nyuma.

Badiliko la tatu ni China, ambayo mwaka 2023 iliipita Japani na kuwa nchi inayouza magari mengi zaidi nje duniani. Magari ya China kwa matumizi ya ndani yana usukani wa kushoto, hivyo hayawezi kufuata moja kwa moja njia iliyofuatwa na Noah. Lakini kampuni za nchi hiyo zimekwisha kuanza kuunda ya usukani wa kulia kwa ajili ya Thailand, Australia na Uingereza, na hayo yatazeeka pia.

Toyota haikukaa kimya. Mwaka 2019 iliikabidhi kampuni dada ya Toyota Tsusho biashara yake ya mauzo Afrika, na mwaka huo huo ikaungana kwa hisa na Suzuki. Matunda yake ni magari mapya ya bei ya chini yanayotengenezwa India na Suzuki na kuuzwa Afrika kwa jina la Toyota. Miongoni mwayo ni Rumion ya viti saba, iliyoingia Afrika Kusini mwaka 2021, ambayo asili yake ni Suzuki Ertiga. Swali ni kama familia ya kawaida itamudu gari jipya lenye dhamana, au itaendelea kusubiri la mkononi.

Ushindani mwingine majini

Mafia yenyewe, kuanza kwa kivuko cha MV Kilindoni cha Wakala wa Ufundi na Umeme Tanzania (TEMESA) mwanzoni mwa miaka ya 2020, kati ya Nyamisati wilayani Kibiti na Kilindoni, kulirahisisha kuvusha magari ambayo awali yalitegemea vyombo vya mizigo.

Lakini kwa kaya nyingi za kisiwani, kama ilivyo vijijini kwingi Tanzania, chombo cha familia bado ni bodaboda au bajaji. Huko nako kuna vita yake kati ya kampuni mbili za India, Bajaj na TVS, ingawa ya kwanza ilishinda kiasi cha jina lake kuwa jina la chombo chenyewe. Mwenye duka hutegemea Suzuki Carry, maarufu kama kirikuu.

Na kwa wakazi wa visiwa vya Ghuba ya Chole, chombo cha familia ni mashua au boti. Wanaohama kutoka tanga kwenda mashine hukutana na majina wanayoyafahamu barabarani. Suzuki na Honda, zinazoshindana kwa magari, hushindana pia kwa mashine za boti. Yamaha, nguli wa mashine hizo, ndiyo iliyoshirikiana na Toyota kuunda gari la michezo la 2000GT la mwaka 1967.

Huko pia kanuni ni ile ile ya Kariakoo. Kabla ya jina na rangi, mwenye chombo huuliza kwanza kama spea zinapatikana na kama fundi wa karibu anaijua injini hiyo.